Kula Uturuki: duka gani, saa ngapi, uagize nini

Mtu akikwambia alikula chakula cha Kituruki na hakukipenda, muulize mambo mawili: alikula duka gani, na saa ngapi. Mara nyingi utaambiwa alikaa usiku kwenye mgahawa wa watalii Sultanahmet, ule wenye menyu ya picha na kijana mlangoni anayewaita wapita njia kwa kila lugha aliyojaliwa, akaletewa nyama kavu na wali uliopoa. Jiko la Waturuki halina kosa hapo. Mlaji ndiye aliyepotea njia.

Kule kila chakula kina fundi wake na duka lake. Mpika supu anapika supu. Mwoka mkate wa pide haulizwi habari ya baklava, kitamu cha matabaka ya unga na shira, na muuza baklava hana haja ya kebap. Tena kila duka lina saa yake: kuna chakula kinachokwisha kabla ya adhuhuri, na kingine hakiwekwi motoni mpaka usiku. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata siku inavyokwenda, kisha unatoka Istanbul kwenda mikoani. Nimewafikiria hasa wenzetu wanaofuata mzigo wa nguo kwenye mitaa ya Laleli, Merter na Osmanbey, wanafunzi wapya, na abiria wanaobadilisha ndege Istanbul wakielekea Ulaya au Marekani. Wote hao muda wao ni mfupi na fedha yao ni ya kuhesabu.

Hatua ya 1: Jifunze kusoma kibao

Tangu 1928 Kituruki kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo nusu saa inakutosha kuanza kusoma vibao. Herufi c hutamkwa j. Ç ni ch. Ş ni sh. Ğ haisikiki, kazi yake ni kuvuta irabu iliyotangulia. Ukijua hayo, çorba unaisoma "chorba" na cacık, mtindi wa matango, unaisoma "jajik", na mhudumu anakuelewa.

Sasa majina ya maduka. Çorbacı ni wa supu. Köfteci ni wa köfte, yaani kababu za nyama ya kusaga. Pideci anaoka pide na lahmacun, mikate yenye nyama au jibini juu, börekçi anauza börek, unga mwembamba wa matabaka uliojazwa jibini au nyama, muhallebici ni wa vitamu vya maziwa, balıkçı ni wa samaki. Kebapçı anachoma nyama, na ocakbaşı pia anachoma, ila hapo unakaa karibu na jiko lenyewe la mkaa. Lokanta ni mahali pa vyakula vilivyokwisha kupikwa, na hapa ndipo msafiri mwenye akili anapokula mchana.

Kuhusu halali, hofu iwe ndogo. Nyama ya nguruwe ni nadra sana kwenye migahawa ya kawaida. Pombe ndiyo inayohitaji jicho: neno içkili mlangoni maana yake wanauza kilevi, na meyhane ni mahali pa kunywa rakı, pombe kali ya Kituruki, na kula meze, visahani vya kuonja. Ocakbaşı nyingi za Istanbul nazo huuza. Ukitaka mahali pasipo na pombe, nenda lokanta, köfteci, pideci au duka la supu, na utakula kwa amani.

Hatua ya 2: Asubuhi, supu, simit au meza nzima

Mwenye haraka ale simit. Ni mkate wa duara wenye tundu katikati, unaochovywa kwenye maji ya pekmez, asali ya zabibu, kisha unagaragazwa kwenye ufuta ndipo uokwe. Wachuuzi huusukuma kwa mikokoteni karibu na vituo vya feri na vya treni. Nunua mapema, ukiwa bado una joto na ganda lake linavunjika. Wa jioni ni wa kutafuna kwa subira. Uule na kipande cha jibini na chai. Ukifika Izmir uombe kwa jina la gevrek.

Aliyezoea kuanza siku kwa supu ya makongoro atajisikia nyumbani kwenye duka la çorbacı. Ya kila siku ni mercimek, supu ya adesi iliyosagwa laini, unayoikamulia limau. Ezogelin ni adesi pia, ila ina bulgur, ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwa, na nanaa kavu. Baada ya hapo ndipo mambo mazito: kelle paça, supu ya kichwa na makongoro, na işkembe, supu ya utumbo. Mezani utakuta bakuli la siki yenye kitunguu saumu kilichopondwa, na chombo cha pul biber, pilipili nyekundu iliyosagwa mapande mapande. Usimimine vyote kwa pamoja. Onja kwanza, tia siki kijiko kimoja, koroga, onja tena. Siki ndiyo inayokata mafuta, na watu hutofautiana sana kuhusu kiasi. Mkate ni bure na huongezwa bila kuombwa. Duka nyingi za supu hazifungi usiku, jambo la kukumbuka ndege yako ikitua saa tisa alfajiri.

Njia ya tatu ni kahvaltı yenyewe, mlo wa asubuhi unaoweza kumaliza nusu siku. Ile inayoitwa serpme hujaza meza visahani: jibini nyeupe, jibini ya kaşar, zeituni nyeusi na za kijani, nyanya na matango, jamu za namna kwa namna, mayai na sucuk, soseji ya ng'ombe yenye viungo vingi. Kipo kisahani kimoja usichopaswa kukiacha kirudi jikoni: bal-kaymak. Kaymak ni utando mzito wa maziwa, ulio bora ukiwa wa maziwa ya nyati wa kufugwa, na juu yake humwagwa asali. Unapaka kwenye mkate moto, na mazungumzo mezani yanasimama kidogo.

Serpme huhesabiwa kwa kichwa na duka nyingi hazimhudumii mtu mmoja. Ukiwa peke yako agiza menemen, mayai yaliyovurugwa na nyanya na pilipili hoho ndani ya kikaango kidogo, uongeze jibini na chai. (Kama menemen itiwe kitunguu au isitiwe ni ugomvi wa kitaifa. Usiuanzishe.) Beşiktaş kuna mtaa mzima wa duka za kahvaltı unaofurika wanafunzi Jumamosi na Jumapili, na duka zenye jina la Van, mji wa mashariki unaosifika kwa mlo huu, hutoa otlu peynir, jibini iliyochanganywa na majani ya porini.

Hatua ya 3: Mchana, esnaf lokantası

Kama una mlo mmoja tu Istanbul, uule hapa. Esnaf ni mafundi na wenye maduka, na lokanta hizi zinapika kwa ajili yao: chakula cha nyumbani, kwa bei ya mtu anayerudi kesho. Zinapatikana karibu na masoko, ndani ya majengo ya biashara, na mitaa ya nyuma ya Laleli na Eminönü.

Unaingia, huketi. Unakwenda kwanza kwenye kaunta ya kioo ambapo masinia ya chuma yamepangwa juu ya maji ya moto, kila moja likitoa mvuke wake. Nyuma yake amesimama fundi mwenye upawa. Hapo huhitaji Kituruki, unanyoosha kidole. Sema "bundan", yaani hiki, na "az" ukitaka nusu ya sahani. Hilo neno "az" lina thamani kubwa, kwa sababu linakuwezesha kuonja vitu vitatu kwa mlo mmoja, na duka nyingi zitakukubalia kwa bei pungufu. Kisha unakaa, na sahani zinakufuata.

Saa ndiyo muhimu. Masinia hujaa kuanzia saa tano na nusu. Saa sita na nusu kumejaa watu. Ikifika saa tisa kilichobaki ni mchuzi na pole nyingi, na lokanta kadhaa hufunga kabla ya jioni, nyingine hazifungui Jumapili kabisa.

Cha kuanza nacho ni kuru fasulye: maharage meupe makavu yaliyopikwa polepole kwa siagi na nyanya ya kopo, mara nyingi na vipande vichache vya nyama. Kwetu maharage ni chakula cha bweni na cha mwisho wa mwezi. Kule mawaziri na wabeba mizigo wanakipigia foleni moja. Huliwa na wali, kitunguu kibichi na turşu, achari ya siki na chumvi. Ng'ambo ya barabara mbele ya msikiti wa Süleymaniye, kazi ya Mimar Sinan, msanifu mkuu wa masultani, iliyokamilika 1557, kuna safu ya duka za maharage ndani ya majengo ya madrasa ya zamani. Zamani hizo safu ile ilijulikana kwa wavuta kasumba. Siku hizi uraibu uliobaki ni maharage, na unaweza kuswali adhuhuri ukavuka barabara ukala.

Bilinganya ndiyo mfalme wa masinia yale. Karnıyarık imepasuliwa na kujazwa nyama ya kusaga, huliwa ya moto. İmam bayıldı haina nyama, imejaa kitunguu, nyanya na kitunguu saumu, na imepikwa kwa mafuta ya zeituni. Hii huletwa ikiwa imepoa. Usimrudishie mhudumu aipashe moto: mboga zote za namna hiyo, zinazoitwa zeytinyağlı, hupikwa mapema na kuachwa zipoe ndipo mafuta na mboga vipatane. Ukibahatika kukuta hünkar beğendi, mchuzi wa kondoo juu ya bilinganya iliyochomwa motoni na kupondwa na maziwa, chukua sahani kamili, usiseme "az".

Hatua ya 4: Usitafute pilau

Hapa wengi wa pwani huumia moyo. Wali wa Kituruki, pilav, hauna bizari wala iliki wala mdalasini. Ni mchele uliopikwa kwa siagi pamoja na tambi fupi za şehriye zilizokaangwa, mweupe, kila punje peke yake. Mtu akiuonja akitarajia pilau ya harusi ya Mombasa atasema hauna ladha. Onja siagi yake, na onja jinsi unavyoubeba mchuzi wa pembeni, ndipo utajua umetengenezewa kazi gani.

Usiku, tafuta mkokoteni wenye kisanduku cha kioo kilichojaa wali, dengu na kuku aliyechambuliwa. Unkapanı inajulikana kwa wali huo. Unakula umesimama, na ayran, mtindi wa kunywa, mkononi, pilipili manga juu, pembeni madereva wa teksi na vijana waliotoka kazini. Kwa bei na kwa shibe sijaona kinachoushinda.

Na kama unataka wali wenye fahari, nenda Kadınlar Pazarı, uwanja ulio karibu na mfereji wa kale wa maji wa Bozdoğan Kemeri, Fatih, ambapo wamekaa watu wa Siirt. Hapo kuna perde pilavı: wali, kuku, lozi na zabibu ndogo kavu, vyote vimefunikwa kwa ganda la unga na kuokwa mpaka ganda liwe la rangi ya dhahabu. Duka hizo hizo zina büryan, kondoo aliyening'inizwa ndani ya shimo la moto lililofunikwa, kisha akakatwa na kuwekwa juu ya mkate. Nenda kabla ya adhuhuri. Vipande vyenye mafuta huondoka mapema na wenyeji hawakuachii.

Hatua ya 5: Nyama ya moto

Kwenye döner, tumia macho kabla ya ulimi. Iangalie ile nyama inayozunguka. Ukiona matabaka ya minofu yasiyolingana, hiyo ni yaprak döner, ya mapande halisi. Ukiona imelainika kama nguzo iliyopigwa plasta, ni nyama ya kusaga. Et döner ni ya ng'ombe au kondoo, tavuk döner ni ya kuku na ndiyo rahisi kwa bei. Dürüm imesokotwa ndani ya chapati nyembamba, ekmek arası imetiwa ndani ya mkate, porsiyon inakuja kwenye sahani. Mlo huu pia ni wa mchana. Usiku wa manane unauziwa kilichokaukia kwenye chuma.

İskender ni ya Bursa, na historia yake huanzia 1867. Vipande vya döner hupangwa juu ya mkate wa pide uliokatwakatwa, mchuzi wa nyanya juu, mtindi pembeni, halafu mhudumu anakuja na kikaango mkononi na kukumwagia siagi inayochemka mbele ya macho yako. Ikiwa siagi haikuchacharika ilipogusa sahani, wamekupunja.

Adana kebap hukatwakatwa kwa zırh, kisu kikubwa kilichopinda, nyama ya kondoo pamoja na mafuta ya mkia wake, ikabandikwa kwenye upanga mpana wa chuma. Ni kali, ukitaka isiyo na pilipili sema Urfa. Na usitishike na huo ukali, kwa mtu aliyekulia na pilipili mbuzi Adana ni salamu tu. Huja na kitunguu kilichochanganywa na sumak, kiungo chekundu chenye uchachu, majani ya parsley, nyanya na pilipili vilivyochomwa, na mkate mwembamba wa lavaş. Chana mkate, shika nyama kwa huo mkate, ongeza kitunguu, kula. Mwenye njaa aseme "bir buçuk", sahani moja na nusu. Ni agizo la kawaida na halimshangazi mtu.

Lahmacun hugharimu kidogo na huliwa kwa haraka: mkate mwembamba uliopakwa nyama ya kusaga na viungo. Kamulia limau, tandaza parsley, kunja, ule kwa mkono. Ya Antep, yaani Gaziantep, ina kitunguu saumu, ya Urfa ina kitunguu maji. Pide ni nene zaidi, ina umbo la mtumbwi, na ile ya jibini na yai ni mkombozi wa wasiokula nyama. Wasiokula nyama wana rafiki mwingine, çiğ köfte ya madukani: jina linamaanisha köfte mbichi, lakini ya kuuza sasa haina nyama, ni bulgur iliyokandwa na pilipili nyeusi ya isot na viungo, ikafungwa kwenye jani la saladi na kutiwa sharubati nzito ya komamanga.

Hatua ya 6: Mtaani na ufukweni

Balık ekmek, samaki ndani ya mkate, ni desturi ya Eminönü karibu na daraja la Galata. Niseme ukweli: unakula mandhari kuliko samaki. Mara nyingi ni uskumru wa jamii ya vibua, na mara nyingi ametoka Norway akiwa barafu. Omba limau la kutosha, angalia miiba, kunywa turşu suyu, maji ya achari ya rangi ya waridi, na uendelee na safari.

Samaki wa kweli ana msimu. Uvuvi wa meli kubwa hufungwa kuanzia 15 Aprili mpaka 1 Septemba. Palamut, wa jamii ya jodari, huja vuli, na hamsi, dagaa wa Bahari Nyeusi, wakati wa baridi, wamepakwa unga wa mahindi na kukaangwa mpaka wakauke. Kiangazi unachoona sokoni ni wa kufugwa zaidi, çipura na levrek. Kwenye mgahawa wa samaki ulizia bei ya kilo kabla samaki hajaenda jikoni, na kumbuka kila kisahani cha meze unachokigusa kwenye sinia kinaandikwa.

Midye dolma ni kome waliojazwa wali wenye viungo. Mchuuzi, na wengi wao asili yao ni Mardin, anafungua ganda, anakamulia limau, anakupa. Unatumia ganda la juu kama kijiko, unalirudisha, anakupa jingine mpaka useme basi. Mwisho mnahesabu maganda. Waislamu wengi wa Uturuki ni Wahanafi, na kwa madhehebu yao kome si halali, hivyo utakutana na Waturuki wasiowagusa. Sisi Washafii wa pwani hatuna kizuizi hicho. Kizuizi chetu ni joto. Julai na Agosti, sinia lililokaa juani, pita.

Kokoreç nayo si ya kila mtu. Ni utumbo wa mwanakondoo uliosokotwa kwenye chuma na kuchomwa polepole, halafu ukakatwakatwa kwa visu viwili juu ya bamba la moto, pamoja na oregano na pilipili, na kutiwa kwenye mkate. Visu vile vina mlio wake, utavisikia kabla hujaviona. Anza na çeyrek, robo ya mkate.

Hatua ya 7: Chai, kahawa na vya baridi

Chai ya Kituruki inalimwa Rize, kwenye miteremko ya Bahari Nyeusi, na hupikwa kwa birika mbili zilizopandana: ya juu ina chai nzito, ya chini maji. Haitiwi maziwa. Glasi ni ndogo, imebanwa kiunoni, na haina mkono. Ishike kwa ncha za vidole kwenye ukingo wa juu. Ukitaka nyepesi sema "açık", ukitaka kali sema "demli". Baada ya mlo lokanta nyingi hukupa ya bure. Dukani Laleli utapewa pia kabla ya kupatana bei, na kuipokea hakukulazimishi kununua.

Kahawa hupikwa pamoja na sukari yake, kwa hiyo sema mapema: sade haina sukari, orta ina kiasi, şekerli ni tamu. Desturi yake iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya turathi za dunia zisizoshikika mwaka 2013. Huletwa na glasi ya maji, unayokunywa kwanza. Iache itulie, na usinywe mashapo. Anayejua kahawa chungu ya barazani Unguja ataielewa mara moja, ila atakumbuka kashata.

Ayran, mtindi uliopigwa na maji na chumvi, ndiyo kinywaji cha kebap. Şalgam ya Adana, maji yaliyochachushwa ya karoti nyeusi, ina chumvi na uchachu; jaribu glasi moja ukiwa na nyama ya mafuta mbele yako. Wakati wa baridi kuna salep ya moto, maziwa yaliyotiwa unga wa mizizi ya okidi, yenye mdalasini, na kuna boza, uji mzito wa mtama uliochachushwa, unaonyunyiziwa mdalasini na kuliwa na dengu za kukaanga. Duka maarufu la boza mtaani Vefa lilianza 1876. Boza ina chembe za kilevi kutokana na kuchacha, japo kidogo sana, nawe utaamua.

Hatua ya 8: Vitamu

Baklava nzuri huijui kwa utamu, unaijua kwa sauti. Uma ukiingia, matabaka ya juu yavunjike kama majani makavu. Harufu iwe ya siagi kabla ya sukari, chini pawe na unyevu bila dimbwi la shira, na pistashio ziwe kijani kibichi. Wenyeji wa Antep huigeuza kichwa chini inapoingia mdomoni, ili upande wa shira uguse kaakaa. Duka huuza kwa kilo, kwa hiyo unaweza kuomba vipande vinne tu vya aina tofauti: fıstıklı ni ya pistashio, cevizli ya jozi, şöbiyet ina kaymak ndani. Baklava ya Gaziantep ilisajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2013, bidhaa ya kwanza ya Uturuki kupata ulinzi huo.

Künefe ya Hatay ni nyuzi za unga na jibini isiyo na chumvi, huliwa ikiwa moto, jibini ikivutika. Ikipoa ni mpira. Kwa muhallebici agiza sütlaç, wali wa maziwa uliookwa mpaka juu ukapata madoa meusi, au kazandibi, iliyoungua kwa makusudi upande wa chini. Tavuk göğsü ina nyuzi za kifua cha kuku ndani ya maziwa na sukari. Kula kwanza, umwambie mwenzio baadaye. Ramadhani tafuta güllaç, matabaka membamba ya wanga ndani ya maziwa, na Muharram aşure, nafaka, kunde na matunda makavu katika bakuli moja, ambayo majirani hupelekeana.

Dondurma ya Maraş, aiskrimu yenye salep inayovutika, hubaki kuwa ya mtaani kwa ajili ya michezo ya wauzaji wake. Cheka, lakini uliza bei kabla mchezo haujaanza.

Hatua ya 9: Ukitoka Istanbul

Ukipata nafasi ya mji mmoja tu, uwe Gaziantep. UNESCO iliuingiza kwenye mtandao wa miji ya upishi mwaka 2015. Alfajiri unakula beyran, supu ya kondoo na wali yenye kitunguu saumu na pilipili, baadaye katmer, karatasi ya unga iliyojaa pistashio na kaymak, mchana kebap, jioni baklava. Na bado hujafika nusu. Eneo lile lilipigwa na tetemeko la 6 Februari 2023, na Antakya, mji mkuu wa Hatay, uliumia vibaya mno, kwa hiyo kabla ya kwenda huko uliza hali ya malazi.

Miji mingine kwa ufupi: Konya kuna etli ekmek, mkate mrefu wa nyama, Kayseri kuna mantı, vifuko vidogo vya unga na nyama chini ya mtindi wa kitunguu saumu, Erzurum kuna cağ kebabı, nyama inayozunguka ikiwa imelala, Edirne maini ya kukaanga, Izmir boyoz, iliyoachwa na Mayahudi waliohama Hispania. Trabzon na Rize mwenye hamu ya unga wa mahindi atulie na kuymak: unga, siagi na jibini kwenye kikaango, huliwa kwa mkate, ikivutwa juu kwa nyuzi ndefu.

Hatua ya 10: Adabu na malipo

Fundi mwite "usta". Mwanamume mwite "abi", mwanamke "abla", sawa na kaka na dada kwetu. Ukipita mtu yuko kazini sema "kolay gelsin", kazi iwe nyepesi; baada ya kula sema "elinize sağlık", afya kwa mikono yenu, na utaona uso wa mpishi unavyobadilika. Bili ni "hesap". Bakshishi si lazima. Asilimia 10 kwenye mgahawa wa kukaa ni heshima nzuri, kwenye lokanta acha chenji. Bei zinapanda mara kwa mara, kwa hiyo usitegemee aliyokutajia rafiki mwaka jana. Soma bei ukutani au mlangoni, na pasipoandikwa bei, uliza au ondoka. Maji hunywewa ya chupa.

Ukiwa na saa chache za kubadilisha ndege

Kwanza hakikisha pasipoti yako inakuruhusu kuingia au una viza. Abiria wa kimataifa wa Turkish Airlines mwenye mapumziko ya kati ya saa 6 na 24 anaweza kujiandikisha kwenye ziara ya bure ya Touristanbul, inayotembeza makundi kwa ratiba. Ni nzuri kwa anayeingia mji mara ya kwanza, ila chakula utakula cha kundi.

Ukitaka kwenda mwenyewe: kutoka uwanjani panda metro ya M11 mpaka Gayrettepe, uingie M2 mpaka Vezneciler. Tembea kama dakika kumi hadi Süleymaniye, kula maharage saa sita. Teremka kwa miguu kupitia masoko hadi Eminönü, vuka daraja la Galata, na upande wa Karaköy ule baklava na chai. Ukibaki na nafasi, feri ya kwenda Kadıköy inachukua kama dakika ishirini, na soko lake lina samaki, achari na lahmacun. Jipe saa tatu kamili za kurudi uwanjani na kupita ukaguzi.

Baklava ya kwenda nayo nyumbani inunuliwe siku ya safari, kavu, bila kaymak. Mwambie muuzaji inakwenda na ndege; ataipanga ikabana na kuifunga kwa nailoni. Ibebe mkononi ikiwa imelala, usiitie kwenye friji ukifika, na ile ya şöbiyet imalize kabla ya kupanda.